Karani Aliyekula Chakula cha Watoto Aliowahesabu

Umande haujakauka kwenye majani ya migomba, na Asheri Mrutu amesimama nje ya jiko la Susana, juu ya milima ya Upare inayokitazama kijiji cha Kisiwani, karatasi mkononi. Hana kofia ya kazi. Hana mzee wa kanisa wa kumtangulia. Hata karatasi si ya serikali. Ameipiga mistari mwenyewe kwa rula, mezani kwake.

"Jana watoto walikula nini, mama Tumainieli?"

"Makande," anajibu Susana, upesi kama mtu anayeitikia salamu. "Na maziwa. Tunamshukuru Mungu."

Asheri haandiki kitu. Anaketi juu ya gogo la kuni na kumtazama mtoto aliyefungwa mgongoni mwa mama yake. Miguu ya mtoto imevimba. Nywele zake zimegeuka rangi, zimekuwa nyekundu kama ndevu za hindi bichi.

"Mimi leo si mtu wa serikali," anasema. "Wamenisimamisha kazi mwezi mzima. Nimepanda huku kwa miguu yangu, na mshahara sipati. Nikuulize tena?"

Susana anacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshikwa mkono. "Sasa kama wamekufukuza, unaandika ya nini?"

"Kwa hasira."

"Hasira haishibishi, Bwana karani."

"Na makande uliyoyataja sasa hivi, yameshibisha nani?"

Susana anafungua kanga. Anamgeuza mtoto, anamweka kifuani, kisha anauliza kwa sauti ya chini: "Safari hii mnaandika na jina?"

"Na jina. Bila jina wamekataa."

"Basi niache kwanza," anasema, na kuingia jikoni. Moshi unatoka paani kama kawaida. Asheri anajua kwamba juu ya mafiga kuna chungu cha maji matupu. Amejifunza kuijua harufu ya moshi usiopika kitu, na anasema laiti angejifunza mwaka mmoja mapema.

Asheri ana umri wa miaka arobaini na mitatu. Ni mtu mwembamba, mpole wa sura, na upole huo, anasema mwenyewe, ndio uliomponza. Mwaka 1948 alikuwa miongoni mwa makarani waliohesabu watu, akasifiwa kwa mwandiko na kwa adabu. Kwa hiyo mwaka jana, 1953, mvua zilipokosa na serikali ikaleta ofisi ya Uchunguzi wa Vyakula pale Same, yeye alikuwa wa kwanza kuitwa. Mshahara ulikuwa shilingi tisini na mbili kwa mwezi. Kwa baba wa watoto wanne ambaye mahindi yake yalikauka yakiwa magotini, ulikuwa mshahara wa kupigiwa magoti.

Kazi ilionekana nyepesi. Kila nyumba aulize maswali kumi na nne: mnakula mara ngapi kwa siku, nyama mara ngapi kwa wiki, mayai, maziwa, pombe. Majibu yangeamua jambo moja tu, nalo ni hili: sehemu ipi iendelee kupewa maziwa ya unga kwa ajili ya watoto wadogo, na ipi ikatiwe.

Watu wa milimani hawakuambiwa hivyo. Waliambiwa serikali inataka kujua hali zao.

Sasa, mtu wa Upare hapokei mgeni wa serikali peke yake, na mgeni naye haingii uani kwa mtu bila kuongozwa. Asheri hakuiona hiyo kuwa shida. Kwake ilikuwa heshima. Aliomba aongozwe na Mzee Naftali, mzee wa kanisa, mtu anayejua kila mlango, aliyewafunga wengi wao ndoa za maneno kabla mchungaji hajawafunga za pete. Siku kumi na moja wawili hao walitembea pamoja. Mzee aliketi upande wa kulia, karani upande wa kushoto, na mama wa nyumba akasimama mbele yao akijibu.

"Fikiria," anasema Asheri. "Yule mzee ndiye anayesimama kanisani na kusema mama fulani ni mchafu, baba fulani mlevi. Mimi namweka pale, halafu namwuliza mama mbele yake: je, watoto wako wanalala njaa? Je, mume wako anakunywa dengelua? Mtu mzima mwenye akili, nimesoma, nina kalamu mbili mfukoni, na sikuona kosa."

Katika nyumba mia mbili na kumi na mbili, hakuna hata moja iliyokunywa dengelua, pombe yao ya miwa. Mlima mzima, ambako miwa inakamuliwa mpaka njia inanata, hakuna aliyeionja. Asheri aliandika "Hapana" mara mia mbili na kumi na mbili. Jioni moja alikuwa akiandika "Hapana" huku mwenye nyumba akijizuia kupepesuka.

"Nilicheka," anasema. "Hapo ndipo ilipasa niache kucheka."

Kulikuwa na jambo jingine. Mgeni haulizi maswali na tumbo tupu. Katika kila nyumba Asheri alitengewa chakula kwanza: makande yenye maharage mengi, pengine na paja la kuku juu yake. Kukataa ni kumtukana mwenyeji. Akala. Katika nyumba ya pili akala, na ya tatu. Kwenye nyumba ya nne alitazama sahani. Ilikuwa sahani ya bati yenye ua jekundu, na ukingo wake ulikuwa umebanduka pahali pamoja, kama jino lililong'oka. Alikuwa ameiona kwenye nyumba ya kwanza.

Sahani ilikuwa ikimtangulia kwa njia ya nyuma, kupitia migombani, pamoja na paja lake la kuku. Wanawake walikuwa wamechanga maharage ya mwisho ya kitongoji kizima ili karani asikute chungu kitupu. Yeye na mzee walipomaliza kula, watoto waliitwa kuja kuchukua sahani. Waliichukua polepole, wakiilamba kwa macho.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huku juu mgeni alikuja, akala, akafuta mdomo, akaandika kwamba mwenyeji ni mzima.

Asheri hasemi uongo kuhusu siku ile. Aliitambua sahani, na akaendelea kula. Alipofika Same alimweleza Bwana Mkubwa wa uchunguzi, Mwingereza mwenye haraka ambaye alikuwa na hesabu za kupeleka Dar es Salaam. Jibu alilopewa analikumbuka neno kwa neno.

"Kazi yako ni kuandika wanachosema. Mawazo yako yaache nyumbani."

Yakaandikwa waliyoyasema. Nyumba mia moja na tisini na saba zilisema zinakula milo mitatu. Nyumba mia moja na arobaini zilisema zinakula nyama kila wiki. Bwana Mkubwa alifurahi sana. Alisema mbele ya makarani wote kwamba watu wa milima hii wanakula kuliko askari wa kambini.

Kule Kihurio, kwenye mpunga wa mifereji, mambo yalikwenda kinyume. Watu wa huko walipoona fomu walikumbuka mambo ya mbiru, ile kodi ya kukadiriwa mali, wakaona serikali imerudi kuchungulia ghala. Wote wakasema hawana kitu, wanakula majani. Wakaongezewa maziwa.

"Siwalaumu," anasema Asheri, na mkono wake unaipiga meza hata kikombe kinaruka. "Waliokuwa na woga walisema hawana. Waliokuwa na aibu walisema wanacho. Ofisi ikakusanya woga na aibu, ikajumlisha, ikagawanya, ikaita hesabu."

Maziwa ya milimani yalikatwa mwezi wa sita.

Jambo lililomtoa Asheri usingizini halikutoka milimani. Lilitoka nyumbani kwake. Yeye hakuruhusiwa kuandika nyumba yake mwenyewe. Iliandikwa na karani mwenzake, Rogathe. Mwezi wa saba, akipanga fomu kwenye makasha, Asheri alikuta jina lake. Alisoma amesimama. Mayai, kila siku. Nyama, mara mbili kwa wiki. Maziwa, asubuhi na jioni. Milo, mitatu.

Nyumba ya Asheri haikuwa na kuku hata mmoja. Walikwisha kuwauza.

Alifika nyumbani na fomu mfukoni. Mke wake, Ruthi, alikuwa akipembua mahindi.

"Mama Eliwaza, sisi tunakula mayai?"

"Mayai gani?"

"Haya uliyomwambia Rogathe."

Ruthi aliweka ungo chini. "Ulitaka nimwambie nini? Kwamba karani anayelipwa na Serikali, anayevaa soksi, watoto wake wanakunywa uji wa maji wa chumvi? Rogathe ana mke. Mke wake ana mdomo. Kesho ningepita wapi?"

"Lakini ni uongo."

"Ni uongo. Na wewe mambo ya huko mlimani uliyaandika kwa wino gani?"

Asheri aliikunja fomu akairudisha mfukoni. Kisha Ruthi akasema lile ambalo ofisi nzima yenye mashine ya kupiga chapa haikulifikiri.

"Mkitaka kujua kweli, msinitazame usoni. Sisi tulipomchagua kiongozi wa kwaya hatukunyosha mikono, tungegombana mpaka leo. Tulitia punje kwenye kibuyu, mmoja mmoja, nyuma ya mlango. Aliyekosa hakujua amenyimwa na nani, na tunaimba naye."

Jumamosi mbili zilizofuata Asheri alipanda mlimani bila mzee na bila fomu. Jumamosi ndiyo siku ya mizani, siku ambayo mama huwaleta watoto zahanati kupimwa uzito. Kwa ruhusa ya dresa, mhudumu wa zahanati ile, aliweka kibuyu chenye shingo nyembamba ndani ya stoo na kusimama nje, amekipa kisogo kizingiti. Kila mama alipewa punje ya hindi na punje ya haragwe. Kama jana watoto walilala wameshiba, atie hindi kibuyuni. Kama walilala bila kushiba, atie haragwe. Punje iliyobaki aitupe kapuni, gizani, mahali pasipo na jicho.

Wanawake walicheka mwanzoni. "Karani amekuwa mganga," alisema mmoja. "Anapiga ramli." Mwingine akauliza kama haragwe likizidi wataletewa nyama au wataletewa polisi. Lakini waliingia mmoja mmoja, na waliotoka hawakuwa wakicheka.

Wanawake sitini na wanne waliingia. Asheri alikivunja kibuyu mbele ya dresa. Mahindi yalikuwa kumi na mawili. Maharage yalikuwa arobaini na tisa.

Punje za watu watatu hazikuonekana kibuyuni wala kapuni. Walikuwa wameondoka nazo.

"Hao nao wamejibu," anasema Asheri.

Walikuwa mama walewale. Katika fomu zake, nyumba hizohizo zilikuwa na milo mitatu.

Alizipeleka punje Same zikiwa zimefungwa katika leso mbili. Alidhani Bwana Mkubwa angeshtuka. Bwana Mkubwa alizitazama, akauliza nani aliyempa ruhusa, akauliza haragwe hili ni la nani na lile ni la nani. Asheri akaeleza kwamba maana yake ni hiyo hasa, kwamba hayana mwenyewe.

"Basi si majibu," akaambiwa. "Jibu lina jina na nyumba. Siwezi kupeleka maharage Dar es Salaam."

Akawekewa mezani taarifa nzima ya uchunguzi, na mahali pa karani kutia sahihi kwamba majibu ni sahihi na yamekusanywa kwa taratibu. Asheri alisema taratibu zilifuatwa zote, na majibu yote ni ya uongo, na yeye hatii sahihi. Siku hiyohiyo akapewa barua ya kusimamishwa kazi mwezi mmoja kwa utovu wa nidhamu. Asipotia sahihi mwezi ukiisha, asirudi.

Alipokuwa akitoka, karani mmoja alimwambia kwa huruma, "Tia tu, ndugu yangu. Karatasi haina meno."

"Ina meno," Asheri akamjibu. "Tena yanang'ata watoto."

Barua aliisoma nyumbani kwa sauti, watoto wakisikia. Alipofika kwenye neno "jina na nyumba" Ruthi alimkatiza.

"Wanataka jina?"

"Wanataka jina."

"Chukua kalamu. Andika la kwangu."

Asheri anasema alisita. Alimkumbusha habari za mke wa Rogathe, na kanisa, na njia ya kisimani. Ruthi alikuwa amekwisha kuanza kusema, naye ikambidi aandike. Ruthi mke wa Asheri Mrutu, karani. Watoto wanne. Jana asubuhi, uji wa maji. Mchana, hakuna. Jioni, makande ya mahindi bila maharage, kibakuli kimoja kwa watoto wawili. Mayai, hakuna tangu mwezi wa tatu. Nyama, hakuna. Kisha Ruthi akaongeza jambo ambalo halikuulizwa: "Na andika kwamba mwanzo nilisema uongo, kwa sababu niliona haya."

Hiyo ndiyo karatasi ya kwanza katika zile alizozichora kwa rula. Kwa siku tisa sasa Asheri anapita nyumba kwa nyumba, karatasi ya mke wake iko juu, na kila anapofika anaisoma kwanza kabla hajauliza. Nyumba nyingine humfungia mlango. Nyingine humkaribisha, zikamsikiliza mpaka mwisho, zikajibu makande na maziwa.

Jumapili iliyopita alikutana na Mzee Naftali kwenye njia ya mfereji. Aliyekuwapo anasimulia kwamba walisalimiana vizuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nasikia unawafundisha wake za watu kujitangaza."

"Ninawauliza, mzee."

"Tuliuliza pamoja. Siku kumi na moja. Uliwahi kukuta chungu kitupu?"

"Sikukuta. Wala sikuuliza kilichojaza kimetoka wapi."

"Tulikuheshimu."

"Mliniheshimu. Nami nikala."

Mzee aliegemea mkongojo wake. Hakuwa mtu mbaya, Asheri anasisitiza hilo; hakuna aliyechanga maharage mengi kuliko nyumba ya mzee mwenyewe. "Unajua Mzungu akiandika kwamba Mpare hawezi kulisha mtoto wake, itasomwa mpaka Ulaya," mzee akasema. "Wajukuu zako wataikuta."

"Ameandika kwamba anaweza, mzee. Imesomwa. Wale watoto wawili uliowazika mwezi wa saba, wa ukoo mmoja, kwenye karatasi zangu wanakula nyama kila wiki. Nitazame uniambie nani kati yetu amewatukana."

Mzee Naftali aliinua mkongojo wake. Aliruka mfereji akaenda zake bila kuaga, jambo ambalo mtu wa rika lake halifanyi. Tangu siku hiyo hajazungumza na Asheri, na hajamzuia.

Ukimwuliza Asheri anamkasirikia nani, hana jibu moja. Anaikasirikia ofisi iliyopenda majibu mazuri kwa kuwa majibu mazuri hayana gharama. Anawakasirikia watu wake, ambao wako tayari kuzika mtoto kuliko kusikia jirani akinong'ona. Siku nyingine hasira hiyo inamrudia yeye mwenyewe, naye huiona kwenye kioo anaponyoa ndevu.

"Aibu ni kitu kizuri," anasema. "Inamzuia mtu kuiba. Lakini aliyeitumia aibu yetu kutunyang'anya kikombe cha maziwa, huyo ameiba, hata kama hakujua. Sasa anajua. Nimemwambia."

Kesho kutwa, Alhamisi, baraza linakaa Same kupitisha orodha ya maziwa ya mwaka ujao. Bwana Mkubwa atasoma taarifa yake, na wazee wataulizwa kama wana neno. Mpaka leo Asheri ana karatasi saba zenye majina. Kibuyu kilimwambia arobaini na tisa. Ataendelea kupanda milima leo na kesho, na usiku wa Jumatano yeye na waliokubali kuandikwa watalala njiani ili wafike asubuhi.

Susana amekataa kuandikwa. Ametuma ujumbe kwamba neno hilo halitatoka kinywani mwake, mume wake hataki, naye mwenyewe hawezi. Lakini atateremka na wenzake. Atasimama mbele ya baraza, amfungue mtoto mgongoni na kumweka chini kwa miguu yake iliyovimba, kisha anyamaze.

"Nami nitanyamaza," anasema Asheri. Anazifunga karatasi zake kwa kamba ya mgomba. "Sitamwuliza tena Susana swali lolote. Bwana Mkubwa ndiye aulizwe: mtoto huyu jana alikula nini?"